Daktari na Lindo Lake

Njia mbili zilimshinda fisi, walisema wahenga, na mshika mbili moja humponyoka. Misemo hii hutajwa upesi kila inaposikika kwamba daktari fulani ameingia katika siasa na bado hajaaga hospitali. Watu huuliza: mtu huyo kesho asubuhi atakuwa wodini au jukwaani? Akiitwa usiku kwa mama aliyeshindwa kujifungua, ataitika yeye au ataitika mwingine? Swali hilo si la mzaha. Kwa mwanasiasa, kuchelewa saa mbili ni mkutano uliosubiri kidogo. Kwa mgonjwa anayetokwa na damu, saa mbili ni uhai wake.

Bujumbura ni mji uliowahi kuliona jambo hili kwa karibu. Tarehe 15 Januari 1965, Waziri Mkuu wa Burundi, Pierre Ngendandumwe, alipigwa risasi mjini humo akitoka hospitali, alikokwenda kumtazama mkewe aliyejifungua. Aliyeshika nafasi yake kwa muda alikuwa Pie Masumbuko, ambaye taaluma yake ilikuwa ya udaktari. Alikaimu uwaziri mkuu hadi tarehe 26 mwezi huo huo, alipoteuliwa Joseph Bamina. Zilikuwa siku 11 tu, lakini zilitosha kuonyesha jinsi mlango wa hospitali na mlango wa serikali unavyoweza kukaribiana katika nchi changa yenye wasomi wachache. Risasi ililia mahali wanapopita watu wanaokwenda kuzaa na kupona, na aliyeitwa kushika usukani akawa mtu aliyefunzwa kutibu.

Masumbuko aliitwa na msiba wa ghafla. Kisa kingine, kilicho kirefu zaidi na chenye mafunzo mengi, ni cha kijana aliyekuja Bujumbura kusomea udaktari, ambaye siasa ilimfuata hospitalini miaka mingi kabla ya yeye kuifuata. Huyo ni Daktari Denis Mukwege wa Bukavu.

Mukwege alizaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Utotoni alizoea kufuatana na baba yake kwenda kuwaombea wagonjwa. Mwenyewe amesimulia kwamba siku moja, baba alipokwisha kumwombea mtoto aliyekuwa taabani, yeye alijiuliza kwa nini sala haikufuatwa na dawa. Ndipo alipoazimia kwamba baba ataendelea kuomba, naye mwana atakuwa mtu wa kutoa dawa.

Safari ya kutimiza azimio hilo ilimfikisha Burundi. Kutoka Bukavu barabara hushuka milimani, hufuata bonde la mto Ruzizi, ikafika penye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mpaka ndipo ilipo Bujumbura. Kijana wa Kivu hakuwa mgeni kabisa katika mji huo, maana mitaa ya Buyenzi inazungumza Kiswahili, na biashara ya samaki, vitenge na mafuta ya mawese huvuka mpaka kila siku. Mwaka 1983 Mukwege alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Burundi, akarudi kwao kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lemera, katika milima iliyo juu ya bonde lile lile la Ruzizi.

Nia yake ya kwanza ilikuwa kutibu watoto. Lakini pale Lemera aliona akina mama wakiletwa kutoka vijiji vya mbali baada ya uchungu wa siku nyingi, wengine wakiwa wamekwisha kufa, wengine wakiwa hai lakini wameharibika vibaya. Kichwa cha mtoto kinapokwama kwa muda mrefu, hubana nyama laini za mama mpaka zikakosa damu na kuoza. Tundu hufunguka kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mkojo huvuja mchana na usiku bila mwenyewe kuweza kuuzuia. Hiyo ndiyo fistula. Mwanamke mwenye maradhi hayo aghalabu hukimbiwa na mume, hutengwa na jirani, na hudhani amelogwa, hali tundu lake laweza kuzibwa na daktari mwenye ujuzi. Mukwege alikwenda Angers, Ufaransa, akajifunza matibabu ya wanawake, na mwaka 1989 alirudi Lemera, ingawa daktari mwenye ujuzi wa namna hiyo angaliweza kubaki Ulaya na kuishi kwa raha.

Kisha vita vikaja. Tarehe 6 Oktoba 1996, watu wenye silaha waliivamia hospitali ya Lemera. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wauguzi waliuawa pamoja nao. Mwanajeshi yeyote aliyefunzwa vizuri anajua kwamba Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inalinda hospitali, majeruhi na waganga, wawe wa upande huu au wa upande ule. Siku ile sheria hiyo ilikanyagwa, na hospitali aliyoitumikia Mukwege ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza palipomwagika damu ya vita hivyo vya Kongo.

Mwaka 1999 alifungua hospitali ya Panzi, kusini mwa mji wa Bukavu. Aliikusudia iwe mahali pa akina mama kujifungulia salama. Lakini mgonjwa wa kwanza aliyepokelewa hakuwa mja mzito. Alikuwa mwanamke aliyenajisiwa kwa nguvu na kisha kupigwa risasi sehemu za siri. Baada yake wakaja wengine kwa makumi, kwa mamia, hatimaye kwa makumi ya maelfu. Panzi ikalazimika kubuni utaratibu wenye nguzo nne: kutibu mwili, kutuliza moyo, kumsaidia mwathirika mbele ya sheria, na kumpatia njia ya kujitegemea ili asirudi kijijini mikono mitupu.

Hapa ndipo siasa ilipoanza kuingia katika chumba cha upasuaji. Mukwege ameeleza kwamba alimtibu mama, baada ya miaka akamtibu binti aliyezaliwa na mama huyo, na baadaye akaletewa mtoto wa kizazi cha tatu. Daktari anayeshona jeraha lile lile katika vizazi vitatu hana budi kuuliza ni nani anayelifungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na yeye alikuwa akijenga ukuta kila siku huku ufa ukiendelea kupanuka. Malaria hutibiwa kwa dawa, lakini anayetaka iishe hukausha madimbwi. Madimbwi ya maradhi aliyoyatibu Mukwege yalikuwa vita, wizi wa madini, na watu waliotenda maovu bila kushitakiwa. Mambo hayo hayawezi kuondolewa kwa kisu cha daktari.

Basi akaanza kusema.  Septemba 2012 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York, akalaumu ulimwengu na serikali ya nchi yake kwa kunyamaza. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake Bukavu. Mlinzi wake aliuawa akijaribu kumwokoa, na daktari aliponea chupuchupu. Akaondoka na familia yake kwenda Ulaya.

Lililofuata lastahili kukumbukwa katika kila nyumba. Wanawake maskini, ambao wengi wao hawakuwa na dola moja ya matumizi kwa siku, waliuza mananasi na vitunguu ili wachange nauli ya kumrudisha. Januari 2013 alirudi Bukavu, akapokewa na umati barabarani. Tangu hapo aliishi hospitalini chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Daktari alikuwa amekwisha kuwa mwanasiasa machoni pa adui zake kabla hajawa mwanasiasa machoni pake mwenyewe.

Heshima za dunia zilikuja. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Sakharov na Bunge la Ulaya, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Irak. Katika mimbari ya Oslo alitumia nafasi hiyo kudai haki. Alikumbusha juu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, yenye matukio 617 ya uhalifu uliotendwa Kongo kati ya mwaka 1993 na 2003, ambayo ilikuwa imeachwa katika kabati bila mahakama ya kuishughulikia.

Hatimaye, tarehe 2 Oktoba 2023, mjini Kinshasa, Mukwege alitangaza kwamba atagombea urais. Aliahidi kupambana na vita, njaa na ufisadi, na kutaka majeshi ya kigeni yaondoke katika ardhi ya Kongo. Neno hilo la mwisho lilisikika kwa namna ya pekee Bujumbura, kwa kuwa askari wa Burundi walikuwa wameingia Kivu ya Kusini tangu Agosti 2022 chini ya mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa zamani wa Bujumbura alikuwa sasa anatoa hoja iliyogusa familia za askari wa mji ule ule uliompa elimu.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 20 Desemba 2023. Walioandikishwa walikuwa karibu milioni 44. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura. Mukwege alipewa chini ya asilimia 1. Yeye na wapinzani wengine waliyakataa matokeo, wakisema uchaguzi uliharibiwa na udanganyifu na vurugu. Hata hivyo, hata mtu anayeamini kwamba kura ziliibwa hana budi kukiri kwamba sifa ya daktari haikugeuka kuwa chama chenye matawi, mawakala na magari katika nchi kubwa kama Kongo. Anayeponywa hushukuru, lakini shukrani haifiki yenyewe katika kituo cha kupigia kura.

Je, alikosea kugombea? Wako wanaosema ndiyo. Husema kwamba daktari ni mali ya wagonjwa wote, na akivaa rangi ya chama, nusu ya wagonjwa watamwogopa. Husema pia kwamba hospitali yenye jina la mgombea huweza kuadhibiwa kwa makosa ya mgombea. Hoja hizi zina uzito. Lakini wanaomtetea hujibu kwamba kumtaka daktari anyamaze ni kumtaka aendelee kushona nguo huku panya wakiachwa ndani ya sanduku. Nao pia hawakukosea.

Historia ya Afrika Mashariki na jirani zake inaonyesha kwamba taaluma peke yake haitoi jibu. Leader Stirling, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Uingereza, alifika Tanganyika mwaka 1935 akatibu katika hospitali za misheni za kusini, mahali ambapo chumba cha upasuaji mara nyingine kilikuwa kibanda cha nyasi. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Baada ya uhuru alichukua uraia, akaendelea na ubunge bila kuacha kutibu. Mwaka 1975 Mwalimu Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya, naye akashika wizara hiyo hadi mwaka 1980, katika kipindi ambacho Tanzania ilikuwa ikisisitiza zahanati na vituo vya afya vijijini. Aliyoyaona katika vibanda aliyapeleka mezani pa serikali.

Upande wa pili yuko Hastings Banda, aliyetibu watu Uingereza na Ghana kabla ya kurudi Nyasaland mwaka 1958 kuongoza harakati za uhuru. Alipata uhuru wa Malawi, lakini mwaka 1971 alijifanya rais wa maisha, na wapinzani wake wakajaa magerezani. Alitoka madarakani mwaka 1994, baada ya kushindwa katika uchaguzi wa vyama vingi. Mkono uliojifunza kupima homa haukumzuia kuwa mkali kwa watu wake. Koti jeupe, basi, halimtakasi mtu, wala halimharibu.

Kipimo cha haki kiko mahali pengine, na askari atakielewa upesi kuliko raia. Askari aliye zamu haachi lindo kwa sababu ameitwa mahali penye heshima zaidi. Akiitwa, hungoja mwenzake afike, humkabidhi silaha, humweleza yaliyotokea usiku, ndipo huondoka. Akiondoka kabla ya hapo ni mtoro, hata kama alikokwenda ni kwa jenerali. Daktari naye ana lindo. Anayetaka kwenda jukwaani na aende, madhali amemkabidhi mgonjwa kwa mkono unaojua kazi.

Kwa kipimo hicho, kazi kubwa ya Mukwege haikuwa hotuba ya Oslo wala fomu ya kugombea urais. Ilikuwa kufundisha madaktari na wauguzi wa Panzi kuzishona fistula bila yeye kusimama kando yao. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, hospitali hiyo iliendelea kupokea wagonjwa. Lau ingalikuwa hospitali ya mtu mmoja, ingalifungwa siku ile alipokimbia mwaka 2012, au siku ile alipoanza kampeni. Mwanasiasa huhesabu waliompigia kura. Daktari mwenye busara huhesabu waliojifunza kazi yake.

Sharti la pili ni kwamba kitanda cha mgonjwa kisifanywe jukwaa. Mgonjwa aliyelala hana nguvu ya kubishana na anayeshika sindano. Akiulizwa chama chake, atajibu kwa hofu. Daktari mwanasiasa anapaswa kuacha siasa mlangoni pa wodi, kama vile askari anavyoacha bunduki nje anapoingia kumtazama mgonjwa wake. Sharti la tatu ni kukubali kurudi. Aliyekosa kura na akarudi kwa wagonjwa wake ameonyesha kwamba hakuwatumia kama ngazi.

Na nyumbani je? Familia za askari na polisi haziwezi kungoja mpaka daktari fulani awe rais. Yapo mambo yaliyo katika uwezo wao leo. Mama mwenye uchungu uliopita saa 12 bila kujifungua apelekwe hospitali haraka, usiku kusihesabiwe kuwa kikwazo. Fistula nyingi zingaliepukwa kwa safari iliyoanza mapema. Mke anayevuja mkojo baada ya uzazi asifukuzwe wala asifichwe, maana ana ugonjwa unaotibika. Mwanamke, msichana au mtoto aliyenajisiwa afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa ndani ya muda huo, na mapema zaidi ndiyo bora. Askari polisi anayempokea kituoni asimkalishe benchi akimhoji mbele ya watu. Ampeleke kwanza kwa daktari, maelezo yatafuata.

Mwanajeshi aliye vitani naye ana sehemu yake. Mwaka 2008 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio lake namba 1820, lilitamka kwamba unajisi na ukatili wa namna hiyo vitani waweza kuwa uhalifu wa kivita. Kamanda anayewazuia vijana wake wasiguse wanawake wa kijiji kilichotekwa ameokoa watu wengi kuliko daktari atakayeletewa majeruhi hao wiki moja baadaye.

Mukwege alitoka Bujumbura mwaka 1983 akiwa na cheti cha kutibu watu. Alichokitafuta katika siasa miaka 40 baadaye kilikuwa kupunguza idadi ya watu wa kutibiwa. Hakukipata kwa kura. Lakini sehemu ya kazi hiyo haihitaji kura hata moja: iko mikononi mwa kila mwenye bunduki, kila mwenye kalamu ya kituo cha polisi, na kila mwenye mke au binti nyumbani.